Dodoso la ASRS: Maswali 18 kuhusu Umakini wa Mtu Mzima

Nililijaza dodoso hili nikiwa kwenye benchi la kliniki nilikompeleka binti yangu wa miaka 8, na kwa maoni yangu linafaa sana kwa kazi moja: kumwonyesha mtu mzima kama ana sababu ya kutosha ya kumwona daktari kuhusu tatizo la upungufu wa umakini (ADHD).

ASRS ni dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 18, lakini uzito wake umo katika 6 ya mwanzo. Manne yanahusu kushindwa kukamilisha vipengele vya mwisho vya kazi ambayo sehemu yake ngumu imekwisha, kushindwa kupanga mambo, kusahau miadi, na kukwepa kuanza kazi inayohitaji kufikiri sana. Mawili yanahusu kuchezesha mikono au miguu unapokaa muda mrefu, na kujiona unasukumwa kana kwamba una injini ndani yako. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba halikuulizi kama wewe ni msahaulifu, maana nani asiyesahau? Linauliza hali hiyo imekupata mara ngapi katika miezi 6 iliyopita, kuanzia "kamwe" hadi "mara nyingi sana". Majibu 4 kati ya hayo 6 yakiangukia kwenye visanduku vilivyotiwa kivuli, inafaa uchunguzwe zaidi. Yangu yalikuwa 5, nami nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba mimi ni mzembe.

Kwa mtoto tulipewa fomu za Vanderbilt, ambazo huuliza kuhusu dalili hizi kwa watoto, ya mzazi yenye maswali 55 na ya mwalimu yenye 43. Hiyo ya mwalimu ndiyo iliyotufaa, kwa sababu dalili zinapaswa kuonekana katika mazingira zaidi ya moja, na nyumbani sisi tulimwona binti yetu kuwa mtoto mpole tu. Hapandi juu ya meza wala hapigi kelele. Hukaa kimya huku akili yake iko mbali, hupoteza penseli na madaftari, na huacha hesabu katikati. Watoto wa aina hii hupitwa kwa urahisi, kwani wengi wetu tumezoea kuitafuta hali hii kwa mtoto mtukutu.

Kasoro za ASRS zipo. Nakala niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na swali la injini muuguzi alinieleza mara mbili ndipo nikalielewa. Halitofautishi upungufu wa umakini na kukosa usingizi, wasiwasi au sonona, mambo ambayo pia huvuruga umakini. Kubwa zaidi, haliulizi lolote kuhusu utoto, ilhali mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili (DSM-5) wa mwaka 2013 unataka dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Ndiyo maana daktari hakuridhika na visanduku vyangu 5. Aliniomba nimpigie simu mama yangu palepale, akamuuliza nilikuwaje nilipokuwa darasa la tatu. Mama alijibu bila kusita kwamba mwaka ule peke yake alininunulia sweta za shule nne, na hakuna hata moja iliyofika Desemba.