Kruzi ya rada njia ya Iringa: kinachotembea inakiona, kilichosimama ni juu yako

Siku hizi ukipita yadi za magari Dar, mteja akishauliza mwaka na kilomita, swali linalofuata ni "ina rada?" Muuzaji naye ameshajua kulijibu. Anakuonyesha vitufe vya kwenye usukani, anagusa ile nembo ya mbele iliyo laini kama kioo, anakuambia hili linajiendesha lenyewe mpaka Morogoro. Bei inapanda hapo hapo. Mimi ninalo gari la aina hiyo, stesheni wagoni ya haibridi iliyotoka Japani, na kazi yangu inanipeleka Iringa mara kwa mara, kwa hiyo mfumo huu, kruzi ya rada inayoshika mwendo na kujipunguza yenyewe nyuma ya gari la mbele, nimeutumia kwenye lami nzuri, kwenye mvua, kwenye vumbi na kwenye foleni. Kampuni siitaji, maana mengi nitakayoyasema yamo kwenye vitabu vya mwongozo vya karibu kampuni zote. Tatizo ni kwamba cha kwangu kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho.

Ikifanya kazi inavyotakiwa, ni raha. Unaweka mwendo, tuseme 80. Barabara ikiwa wazi, gari linashika 80 bila mguu wako. Rada iliyo nyuma ya nembo, ikisaidiana na kamera iliyobandikwa juu kwenye kioo cha mbele, ikikuta gari linalokwenda 60, lako nalo linashuka mpaka 60 na kuacha nafasi uliyoichagua. La mbele likikata kona kuingia kijijini, lako linapanda tena. Kwenye foleni ya Mbezi la mbele likisimama na langu linasimama, goti linapumzika. Halafu kuna faida ambayo sidhani kama wahandisi wa Japani waliifikiria: tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Kati ya Chalinze na Morogoro vibao vya 50 vimejaa, na trafiki anajua kuchagua mwembe wa kukaa chini yake. Ukiweka 50 kwenye kruzi, hutoi 30,000 kwa sababu ya mguu uliojisahau. Kwa hilo peke yake ningeipa nyota nne.

Nyota zinaanza kupungua ukishapita Morogoro.

Maeneo ya Doma nilikuwa nyuma ya Noah. Nimeweka 80, Noah inakwenda kama 65, gari langu limetulia nyuma yake kwa adabu. Noah ikachomoka ghafla kwenda kulia. Mbele yake kulikuwa na semi-trela limeharibika, nusu liko kwenye lami nusu ukingoni, na utingo ameshakata matawi na kuyapanga barabarani kama ilivyo kawaida yetu. Mimi niliona matawi. Gari lilichoona ni kwamba lile lililokuwa linafuatwa halipo tena, njia nyeupe, basi turudi 80. Nilisikia injini ya petroli ikiamka. Kwenye dashibodi kale kapicha ka gari la mbele kakafutika, na kengele ilipokuja kulia mguu wangu ulikuwa umeshaikandamiza breki muda. Nikasimama kwenye matawi ya kwanza. Utingo akachungulia upande wa pili, akanipungia mkono: "Pita dada, kweupe huku."

Nililipeleka gari likapimwa kwa mashine, rada haikuwa na hitilafu yoyote. Ndivyo ilivyotengenezwa. Rada inajua mwendo wa kitu kwa jinsi mawimbi yanavyorudi. Kibao cha barabarani, daraja, kingo za chuma, hata kifuniko cha chemba, vyote havitembei na vyote vinarudisha mawimbi. Gari lingefunga breki kwa kila kimoja lisingefika Kibaha. Kwa hiyo rada imewekewa utaratibu wa kupuuza sehemu kubwa ya vitu vilivyosimama, hasa ukiwa mwendo mkubwa, na kuisubiri kamera ithibitishe. Kamera nayo imefundishwa mgongo wa gari unavyofanana. Sasa mpe trela lililokaa mshazari, halina taa, limepakwa tope mpaka kwenye namba, saa mbili usiku. Kwa mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde wakati kompyuta bado inajadiliana na nafsi yake.

Hili la gari la mbele kuchomoka na kukuachia lililosimama linajulikana vizuri. Euro NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, waliliweka kwenye majaribio yao ya mwaka 2018, na wakasema wazi kwamba hakuna gari sokoni linalojiendesha lenyewe. Wenzetu wa Marekani wameyaona kwa uchungu zaidi. Mwaka 2016 huko Florida gari la Tesla lililokuwa kwenye Autopilot, mfumo wake wa kusaidia uendeshaji, lilipita chini ya trela jeupe lililokuwa linakatiza barabara, dereva akafa. Agosti 2021 mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilianza kuchunguza kwa nini magari ya kampuni hiyo yanayagonga magari ya zimamoto na polisi yaliyoegeshwa kwenye ajali huku taa zikiwaka. Desemba 2023 Tesla ikaitisha marekebisho ya programu kwa magari zaidi ya milioni 2. Mwaka 2024 NHTSA ikaanza kuuchunguza na mfumo wa Ford wa kusaidia uendeshaji uitwao BlueCruise, baada ya ajali za vifo San Antonio na Philadelphia. Zote mbili usiku, zote mbili waliogongwa walikuwa wamesimama. Hizo ni barabara zenye mistari iliyopakwa juzi na magari mabovu yanayoondolewa haraka. Sisi lori likivunjika ekseli Mikumi linaweza kulala hapo siku mbili likisubiri kifaa kutoka Dar, na dereva anapika ugali chini ya trela.

Ndiyo maana naona kosa la yadi si dogo. Udhaifu mkubwa kabisa wa mfumo huu umeangukia kwenye kitu ambacho barabara ya Zambia inakitoa kwa wingi. Na lugha tunayoitumia kuonyana, mfumo hauijui hata neno moja. Matawi hauyasomi. Dereva wa lori anayekuwashia indiketa ya kulia kukwambia usijaribu kupita, haumsomi. Gari linalokuja likikupiga taa mara mbili, wewe unajua kuna trafiki au kuna ng'ombe au kuna jambo, kruzi inaendelea na 80 yake.

Kona nazo. Ukishatoka Mikumi mjini unaingia milima ya Iyovi, na mbele zaidi kuna Kitonga. Kwenye kona kali gari la mbele linatoka kwenye jicho la rada, kwa sababu rada inaangalia mbele moja kwa moja na barabara imeshapinda. Langu hudhani njia iko wazi, linaongeza mwendo ndani ya kona, halafu linaliona tena lile lori la shaba na kufunga breki kwa hasira. Kushuka Kitonga sithubutu kuiwasha. Vitabu vya mwongozo vyenyewe vinakataza kwenye miteremko mikali. Weka gia ya B, injini ilizuie gari, breki uzitunze kwa pale utakapozihitaji.

Upande wa pili wa shilingi ni breki zisizo na sababu. Ile barabara pana ya njia nane kutoka Kimara kwenda Kibaha, gari langu liliwahi kufunga breki katikati ya njia likiwa kwenye 70, mbele hakuna kitu ila kivuli cha daraja la waenda kwa miguu. Nyuma yangu kulikuwa na basi la mkoani. Honi niliyopigiwa sitaisahau, na dereva wa basi aliponifikia ubavuni alisema maneno ambayo mama yangu hapaswi kuyasikia. Hili nalo si la kwangu peke yangu. Februari 2022 NHTSA ilifungua uchunguzi wa breki za namna hii kwa Honda na kwa Tesla ndani ya mwezi mmoja, na kwa Tesla malalamiko ya madereva yalikuwa yamepita 350. Hapa kwetu, ambako basi likikufuata liko mita tano nyuma ya bampa, breki ya ghafla bila sababu inaogofya kuliko kukosa breki ya msaada.

Halafu jua. Anayetoka Dar jioni kwenda Morogoro analiendea jua machoni. Kamera inapofuka, kengele inalia mara moja, maandishi ya Kijapani yanatokea, na kruzi inajizima. Wewe mguu hauko kwenye mafuta, kwa hiyo gari linaanza kupoa mwendo mbele ya watu wasiojua kilichokupata. Maandishi yale nilikuja kuyasoma kwa simu nikiwa nimeegesha: kamera haioni, mfumo umesimama kwa muda. Tope la Mikumi wakati wa masika nalo hufanya hivyo hivyo kwenye nembo. Siku hizi natembea na kitambaa laini na chupa ya maji kwa ajili ya nembo tu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mnunuzi wa gari la mtumba anapaswa kukiogopa zaidi ya yote: mafundi. Rada na kamera hizi zinapimwa kwa vipimo vidogo sana. Kamera ikikaa pembe kidogo tu, kule mita 80 mbele inaangalia njia ya jirani. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima ipangwe upya kwa kompyuta na vibao maalumu. Bampa likipigwa na kunyooshwa, rada vilevile. Japani yenyewe imeifanya kazi hii kuwa ya karakana zenye kibali maalumu tangu Aprili 2020. Mimi kioo changu kilipasuliwa na kokoto, nikakibadilisha kwa fundi ambaye simtaji. Gari lilitoka na taa ya njano kwenye dashibodi. Nikamuuliza. "Dada, hiyo isikutishe, wote wanaondoka nayo hapa. Ukitaka nakuzimia." Kuizima taa, si kupanga kamera. Nilikataa, nikazunguka mpaka nikampata mwenye mashine ya kufanya hiyo kazi, na alinitoza karibu bei ya kioo chenyewe. Jiulize gari unalolinunua yadi, ambalo huenda liligongwa Osaka na kuguswa tena Dar, nani aliizima taa yake.

Na tafadhali, ngao ya chuma mbele ya nembo ni kuifunga rada macho. Nimeiona kwenye magari mengi, wenyewe wanalalamika kruzi haishiki.

Ile ya kukurudisha kwenye mstari nimeizima kabisa. Mistari yetu mingi imefutika, na mahali ilipo, ukimkwepa mwendesha baiskeli mwenye mkaa bila kuwasha indiketa, usukani unakuvuta umrudie. Siwezi kubishana na usukani wakati kuna mtu kwenye ukingo.

Sijaichukia teknolojia. Breki ya dharura, ile inayofunga yenyewe ukikaribia kugonga, ni kitu tofauti na kruzi ingawa zinatumia macho yale yale, na hiyo naiacha imewashwa saa zote. Taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, imeona ajali za kugonga kwa nyuma zikipungua karibu nusu kwa magari yenye breki hiyo. Hao hao IIHS Machi 2024 walipima mifumo 14 ya kusaidia uendeshaji, kuangalia kama inahakikisha dereva yuko macho. 11 ilipata daraja la chini kabisa, na hakuna hata mmoja uliopata la juu. Langu linaridhika nikigusa usukani kwa kidole. Naweza kuangalia simu, naweza kusinzia, lenyewe linaendelea.

Kwa hiyo kruzi naiwasha Chalinze hadi Morogoro mchana, na kwenye foleni za mjini. Usiku siitumii nje ya mji. Nikiwa nayo, kila gari la mbele likianza kuhama njia, mguu wangu unakwenda juu ya breki kabla sijajua linahamia nini. Kwa maana hiyo uchovu unaosemwa unapungua, kwangu umepungua nusu tu.

Kama unakwenda kununua, washa gari na uangalie taa zote za dashibodi: zinatakiwa ziwake kwanza ndipo zizimike. Ambayo haiwaki kabisa imeguswa. Tazama kama kioo cha mbele ni cha kiwandani, chungulia nyuma ya bampa uone kishikio cha rada hakijapinda. Uliza ni mfumo gani hasa, maana vigari vidogo vya mwaka 2012 na 2013 vina "rada" ambayo ni leza ya mjini inayofanya kazi chini ya 30 km/h, na yadi wanaiuza kwa jina lile lile. Ingiza namba ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani uone kama kuna marekebisho ambayo hayajafanyika, kwa sababu ukishalileta huku hakuna atakayekuandikia barua. Mimi naipa nyota tatu. Ya nne ingekuwepo kama muuzaji angeniambia habari za lori lililosimama kabla sijalipa.