Punda wa resi na michezo ya kupanda: yupi wa kununua Unguja na Pemba

Anayenunua punda wa resi kwa mara ya kwanza hutazama kimo na rangi, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Ikiwa ni kukimbia moja kwa moja ufukweni maji yakiwa yamekupwa, sawa, miguu mirefu inasaidia. Lakini michezo mingi ya kupanda ni ya kuzunguka vijiti, kusimama ghafla, kuokota bendera na kurudi mbio. Anayeshinda hapo ni punda mfupi na mtulivu, anayegeuka mahali padogo, ambaye kijana akishateremka anaweza kumrukia tena bila kuinuliwa na mtu. Tumewapanga kwa kazi hiyo. Kwa punda wa kuvuta gari la mchanga tu, mpangilio ungekuwa mwengine.

Wa kwanza: maksai wa bara, miaka 5 hadi 10

Huyu ndiye yule mdogo wa kijivu au kahawia ambaye wazee walimwita kihongwe, mwenye mstari mweusi mgongoni na mwengine unaoukata mabegani. Mtafute wa sentimita 100 hadi 115, ukipima kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Aliyehasiwa mapema, kati ya miezi 6 na 18, ndiye bora. Akihasiwa ukubwani, tabia za udume hubaki naye kwa muda mrefu hata kama kazi yenyewe imefanyika vizuri.

Nenda na utepe wa fundi cherehani. Punda mwenye mduara wa kifua wa sentimita 115, nyuma tu ya miguu ya mbele, na kimo cha 107, ana uzito wa karibu kilo 150. Huyo asipandwe na zaidi ya kilo 50, seruji (tandiko la kukalia) ikiwemo. Kwa hiyo ni punda wa watoto wa skuli na vijana wembamba. Mtu mzima wa kilo 75 atafute mchezo mwengine.

Wa pili: jike asiye na mimba

Kwa kasi na upole hana tofauti kubwa na maksai. Shida ni siku zake za joto: kila wiki tatu hadi nne huwa na karibu wiki nzima ya kutafunatafuna mdomo wazi, kukojoa kidogo kidogo na kutosikiliza. Siku hizo zikiangukia sikukuu, ndiyo basi. Mimba huchukua kama miezi 12, na kwa muda mrefu haionekani kwa macho, basi mwombe daktari wa mifugo ampime kabla hujalipa. Neno la muuzaji halitoshi, kwani mara nyingi naye hajui.

Wa tatu: mwenye damu ya Muscat

Punda weupe wakubwa walioletwa na Waarabu walikuwa wanyama wa kupanda wa wenye nafasi zao. Aliye safi sasa ni nadra, na weupe peke yake si ushahidi. Kwenye resi ya mstari mrefu tungemweka wa kwanza bila kusita. Kwenye vijiti hupoteza muda kila anapogeuka, na kijana mfupi hawezi kumrukia. Tena mwenye ngozi ya waridi puani na machoni huungua jua, kwa hiyo asifungwe juani mchana kutwa.

Wa nne: wa miaka 2 au 3

Bei yake hushawishi. Mifupa ya punda hukomaa polepole, na akipandwa kabla ya miaka 4 mgongo unaweza kuharibika usipone. Mnunue ikiwa tu utaweza kusubiri, ukimfundisha kutembea na kamba.

Wa mwisho: dume zima

Ana nguvu, lakini akisikia harufu ya jike humwacha mpandaji na vijiti vyake. Pia huuma. Pasipo na mtu mzima aliyezoea madume, usimnunue.

Ukiwa mbele ya punda

Fungua mdomo. Meno ya mbele hubadilika kwa jozi: ya kati akiwa na miaka 2 na nusu, zinazofuata 3 na nusu, za pembeni 4 na nusu. Ukiona bado kuna meno madogo ya maziwa pembeni, huyo hajafika miaka 5, hata uambiwe nini.

Pitisha kiganja mgongoni ukibonyeza. Mabaka ya nywele nyeupe kwenye mabega au chini ya mkia ni makovu ya shogi (tandiko la mzigo) na kamba mbaya. Akiinama au kuruka unapobonyeza, kidonda bado kipo ndani.

Tazama shingo. Wengi huona shingo nene wakasema punda amenawiri. Ikiwa mafuta yamejazana juu mpaka yanalala upande mmoja, ni punda aliyelishwa pumba na mahindi kupita kiasi, na kwato zake ziko hatarini. Inua kila mguu: mistari ya duara juu ya ukwato inayopanuka kuelekea kisigino inaonesha kwato ziliwahi kuvimba kwa ndani. Kisha nusa ile sehemu laini ya pembetatu chini ya ukwato. Ikinuka na kutoa uchafu mweusi, imeoza kwa unyevu, jambo la kawaida wakati wa masika. Hili hutibika kwa kusafisha kila siku na kumweka pakavu, lakini lipunguzwe kwenye bei.

Sasa mjaribu. Mtenge na wenzake, umwongoze kwa kamba mita 50. Chomeka vijiti vitano kila baada ya mita 8, umpitishe mara mbili kwa mwendo wa taratibu, ndipo kijana apande. Punda akiogopa hakurupuki mbio kama farasi. Husimama akawa kama nguzo, anapima hatari. Mpe nusu dakika. Akisogea mwenyewe, huyo anafundishika. Anayesogea kwa fimbo tu ameshaharibiwa, na kumrudisha ni kazi ya miezi. Mwisho, mhesabu pumzi: akiwa ametulia ni 12 hadi 28 kwa dakika, na baada ya mbio fupi zirudi karibu na hapo ndani ya dakika 15.

Kama ana mwenzake wa siku zote, nunua wote wawili. Punda hushikamana na mwenzake, na akitengwa anaweza kuacha kula. Siku chache bila chakula huyeyusha mafuta yakajaa kwenye damu, na wengi hufa kwa hilo.

Anayevushwa kutoka bara

Unguja haina mbung'o: wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997, baada ya kumwagwa madume ya mbung'o yaliyoondolewa uzazi kwa mionzi. Bara bado wapo. Punda anaweza kushuka chomboni akiwa mzima kwa kumtazama, kumbe ana nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o. Akianza mazoezi hukonda huku anakula, na utando wa jicho huwa mweupe. Pimisha damu, umtenge wiki mbili. Mauziano yaandikwe mbele ya Sheha, kwa alama na rangi ya punda, kwani wizi wa punda upo.

Nyumbani, mpe kilo 2 hadi 3 za majani makavu kwa siku, jiwe la chumvi na maji safi, na banda lisilovuja, maana manyoya yake hayazuii mvua. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 10. Na chanjo ya pepopunda isikosekane: sindano mbili, zikipishana wiki 4 hadi 6, kabla hajakanyaga msumari.