Uzoefu wangu: apu ya mwongozo wa sauti kwa wanaoenda kumwona Daudi wa Michelangelo, Florence

Nyota 2 kati ya 5 wadau, na hizo zenyewe nimetoa kwa ajili ya Daudi, ile sanamu ya Michelangelo. Jina la apu siweki ila ni hizi unazodaunilodi kwenye simu, unalipia, halafu inakuongelesha masikioni ukiwa ndani ya Galleria dell'Accademia, jumba la makumbusho alipo Daudi.

Sauti safi sana, ya mtangazaji kabisa, ila inakukimbiza! Unaingia ule ukumbi mrefu, huku na huku kuna Wafungwa, zile sanamu 4 ambazo mzee Michelangelo hakuzimaliza, yenyewe inasema tu hizi zilikuwa za kaburi la Papa Julius II, haya twende mbele kwa Daudi. Jamani pale ndo pa kusimama! Nikaizima nikaganda hapo. Mmoja anaitwa Atlas, kichwa bado kimo ndani ya jiwe, mwili unahangaika kutoka na lile bonge liko juu kama mtu kabeba gunia la mahindi, ukiangalia vizuri unaona mistari ya patasi yenye meno, huku kakwangua sana, huku hata hajagusa. Na hilo kaburi sasa, kazi kaipokea 1505 likaja kuisha 1545, Papa mwenyewe alishafariki tangu 1513, mikataba ikawa inabadilishwa na kila ikibadilishwa kaburi linazidi kuwa dogo. Kwenye apu hayo hakuna, hata neno.

Kwa Daudi wamejitahidi, lazima niseme ukweli. Mita 5.17, marumaru ya Carrara, jiwe ambalo mafundi wengine walilianza wakashindwana nalo likatelekezwa miaka na miaka, akapewa Michelangelo 1501 akiwa na miaka 26, 1504 kazi imeisha. Cheki mkono wa kulia ile mishipa, halafu zunguka upande anaotazama, utaona uso umekunjwa, huyu bado hajamuua Goliathi.

Kilichonimaliza ni pale waliposema eti dari ya kanisa la Sistine kule Vatikani Michelangelo aliichora kalala chali. Wapi! Alisimama juu ya jukwaa shingo kaipinda, 1508 mpaka 1512, na aliandika shairi la kulalamikia hiyo shingo na rangi inayomdondokea usoni, pembeni akajichora kabisa kasimama. Sasa mtu nalipa hela nidanganywe?

Kwa wanaoenda, Jumatatu wanafunga, tiketi kata mapema onlaini. Ile sanamu ya Daudi iliyopo nje, uwanja wa Piazza della Signoria, ni kopi ya 1910, orijino ilihamishiwa ndani 1873, msije mkapiga picha pale mkajua mmemaliza. Ukipitia Roma ingia kanisa la San Pietro in Vincoli, ndo lilipo hilo kaburi na sanamu ya Musa, kiingilio hakuna.

Apu nishaifuta, nimeomba wanirudishie hela ila mpaka sasa kimya.