Kabati limemeza nguo zangu, mapokezi wanadai kitambulisho

Na maji ya bwawa la kuogelea la kituo chetu cha michezo sina ugomvi, hilo niliseme mapema. Ni safi, unaona vigae vyote mpaka chini, na joto lake linamfaa mtu mwenye mgongo mbovu. Ugomvi wangu ni na kabati. Na yule dada wa mapokezi. Na utaratibu uliomfanya yule dada awe vile, ingawa kila nikiukumbuka uso wake naona utaratibu ulimkuta keshakuwa hivyo.

Naishi mji mdogo huku Shropshire, magharibi mwa Uingereza, kule ambako ukiendesha gari kidogo tu umeshaingia Wales. Mji wenyewe siutaji, maana tunakutana madukani. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na anayeijua kazi ya kugeuza watu vitandani anajua kiuno kinavyolia asubuhi. Ndiyo maana nikajiandikisha kwenye kituo cha michezo cha halmashauri, cha pekee tulichonacho: bwawa, ukumbi wa badminton, na gym ghorofani. Bei na saa za kufungua mtazitafuta wenyewe, mimi sikuja kuwafanyia matangazo.

Sasa jioni moja mwaka jana, baridi imeshaanza kung'ata na giza linaingia saa kumi, nikapita kuogelea kabla ya kuingia kazini. Makabati yao ya kuwekea nguo ni yale ya paundi moja. Unatumbukiza sarafu, unazungusha ufunguo, unauchomoa, na mpira wake unauvaa mkononi. Ukimaliza unafungua na paundi yako inaanguka kwenye kidirisha. Sarafu zenyewe zilibadilishwa hapa Uingereza: paundi ya mviringo ilikoma kutumika Oktoba 2017, ikabaki hii yenye pembe 12, na makabati ya namna hii ikabidi yarekebishwe. Ukiyatazama haya ya ukuta wa kushoto utajua aliyeyarekebisha alikuwa na haraka zake. Mdomo wa sarafu umekwanguliwa kwa tupa, na juu yake kuna kibandiko kilichofifia kinachosema sarafu mpya inapokelewa. Inapokelewa kweli. Kurudi ndiyo kazi.

Nikatoka majini na raha zangu. Ufunguo ukaingia. Ukazunguka. Ukaendelea kuzunguka bure, kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Nikausukuma ndani, nikauvuta kidogo, nikaugeuzia upande wa pili, nikaupiga mlango ngumi ya heshima, halafu nyingine isiyo na heshima. Kabati kimya. Ndani mna suruali, sweta, koti, viatu, simu, pochi, ufunguo wa gari na sare ya kazi. Taulo nalo limo humo humo, kwa sababu pembeni mwa bwawa wamepiga marufuku kuacha kitu chochote.

Basi nikaenda mapokezi na bukta.

Mapokezi yenyewe yako mlangoni kabisa, na mlango ni ule wa kujifungua wenyewe, kila anayeingia anaingia na upepo wake. Watu wanapita na watoto wao, mimi nimesimama pale pekupeku, mikono nimeikunja kifuani, maji yananitiririka mpaka kwenye zulia.

"Samahani dada, kabati langu limegoma kufunguka."

"Namba ngapi?" Macho yapo kwenye kompyuta.

Nikamtajia.

"Una uthibitisho gani kwamba ni lako?"

Nikanyoosha mkono, ufunguo huu hapa, namba hii hapa imechongwa.

"Ufunguo mtu anaweza kuuokota."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia, basi fungueni, mtakuta koti la bluu, pochi, na kitambulisho cha kazi chenye sura yangu hii hii mnayoiona.

"Haturuhusiwi kufungua bila kuona kitambulisho."

"Kitambulisho kimo ndani, dada."

"Naelewa. Ndio utaratibu."

Haki ya Mungu, alisema anaelewa! Ningemsamehe kama angesema haelewi. Akafungua droo, akatoa fomu na kalamu iliyofungwa kamba. Fomu inataka namba ya uanachama (imo kwenye simu, simu imo kwenye kabati), namba ya simu ya mtu wa kuthibitisha (nani anakariri namba za watu siku hizi?), orodha ya vitu vilivyomo na makadirio ya thamani yake. Nikainama niandike. Tone la maji likanidondoka kidevuni, likatua kwenye karatasi, palipoandikwa jina langu wino ukaanza kutambaa. Ndipo kwa mara ya kwanza yule dada akaninyanyulia macho.

"Tafadhali usilowanishe karatasi."

Nimeishi nchi hii kwa muda sasa. Nimewahi kusahihishwa matamshi na mtoto mdogo, nimewahi kuulizwa kama kwetu kuna barabara. Yote yalipita. Hili la karatasi halijapita. Mtu amesimama mbele yako nusu uchi, anatetemeka, na wewe unayeionea huruma ni karatasi.

Nikaomba nitumie simu yao niwaambie kazini nitachelewa. Simu ya mapokezi si ya wateja. Nikauliza fundi. Fundi ameshaondoka. Ufunguo mkuu? Anao meneja wa zamu. Meneja wa zamu yuko wapi? Anafunga nyavu za badminton ukumbini. Ukumbi wenyewe upo nyuma ya mlango ninaouona pale niliposimama, nasikia mpaka viatu vinavyolia sakafuni. Nikasema, je, ukimwita? Akaniambia fomu kwanza.

Nimekulia Tanga. Raskazone tulikuwa tunavua nguo tunaziweka juu ya jiwe, mmoja wetu anabaki nchi kavu anaangalia, basi. Sikumbuki nguo ya mtu kupotea, labda kandambili, na hizo zilikuwa zinachukuliwa na ndugu yako mwenyewe.

Na hapa nilipo ni Shropshire jamani, si mahali pageni kwa michezo! Kapteni Matthew Webb, mtu wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa kuogelea bila msaada, mwaka 1875, karibu saa 22 majini, alizaliwa Dawley, mkoa huu huu. Much Wenlock, kamji kadogo tu, ndiko Dakta William Penny Brookes alikoanzisha michezo yake ya Olimpiki mwaka 1850, na Baron Pierre de Coubertin akaja kuitazama mwaka 1890, kabla hajaianzisha ile ya dunia nzima. Mkoa umeupa ulimwengu wazo la Olimpiki, halafu kufungua kabati unasubiri fomu. Nilipokuwa nimesimama pale nilijiuliza kwa dhati kabisa, Webb nguo zake alimwachia nani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mwenyeji wa pale, huwa tunaogelea naye mstari wa pole pole. Alikuwa anatoka, amevaa lile joho refu la waogeleaji lenye manyoya ndani. Akanitazama, akamtazama yule dada, akalivua joho lake akanitupia mabegani bila kuuliza kitu. Akabaki na sweta. Kisha akasema, "Huyu namjua, anakuja kila wiki, kabati ni lake, nilimwona akiweka vitu."

Dada akanyanyua kiredio chake cha mkononi akamwita meneja.

Hapo ndipo damu ilinichemka zaidi kuliko wakati wote wa kugandishwa pale. Kumbe inawezekana! Kumbe utaratibu una kitasa chake, na kitasa ni neno la mzee wa mjini. Ufunguo wangu haukutosha, sura yangu haikutosha, maelezo ya kila kilichomo ndani hayakutosha. Sisemi ni rangi. Sisemi pia si rangi. Nasema yaliyotokea, na kila mmoja atajaza mwenyewe.

Meneja akaja, kijana mwenye adabu zake, bisibisi mfukoni. Hakuniuliza kitambulisho wala fomu. Alichomeka bisibisi kwenye upenyo wa mlango, akasukuma juu kidogo, tak! Kabati wazi. Akaniambia hili na la jirani yake yana tabia hiyo, wameshaandika kuomba mapya. Yaani wanajua! Wanajua, na kikaratasi cha "bovu" hawajabandika.

Kazini nilifika nimechelewa, nywele mbichi, mwenzangu aliyekuwa ananisubiri nimpokee zamu amekosa basi lake. Huyo hakunipa fomu, lakini maneno alinipa.

Nikakaa nikaandika malalamiko. Kwenu msiojua, jengo ni mali ya halmashauri lakini linaendeshwa na kampuni kwa mkataba, mtindo ulioenea sana huku. Halmashauri wakanijibu mambo ya kila siku niulize waendeshaji. Waendeshaji wakanijibu makabati ni mali ya halmashauri. Nikarudi halmashauri. Mnaona ngoma hii inavyochezwa.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu hasira nazo zina mipaka. Sheria ya England inailazimisha halmashauri kuwa na maktaba, ila bwawa la kuogelea ni hiari yake, fedha zikikauka linafungwa na hakuna wa kumshtaki. Gesi na umeme vilipopanda bei mwaka 2022, mabwawa mengi nchini yalipunguza saa, mengine yakafungwa kabisa, na mwaka uliofuata serikali ikalazimika kutenga paundi milioni 63 kuyasaidia. Bwawa letu lilinusurika. Sasa mimi nikisimama hapa nikapiga kelele za kabati, kesho kikao cha bajeti kikisema "wananchi wenyewe hawaridhiki nalo, tulifunge", nitakuwa nimemfaidi nani? Yule dada naye, nikifikiria vizuri, jioni ile alikuwa peke yake. Anapokea simu, anauza miwani ya kuogelea, anagombana na mashine ya kadi, na juu yake kuna watu wanaomkata mshahara akikosea. Nilimhurumia. Nilimhurumia kwa dhati mpaka nikakumbuka "usilowanishe karatasi", huruma ikaisha.

Kingine kinachonifunga mdomo ni mwanangu. Mtaala wa huku unataka mtoto akimaliza shule ya msingi awe anaweza kuogelea mita 25, na wangu anajifunza hapo hapo Jumamosi mchana. Mwalimu wake ni dada mmoja mfupi, sauti kubwa, anaingia majini na watoto badala ya kusimama juu na filimbi. Mwanangu alikuwa hataki maji yamguse masikio. Yule mwalimu hakumlazimisha. Alimpa kopo lililotobolewa matundu, akamwambia amwagie mwalimu kichwani kwanza. Mtoto akacheka, akamwagia, akamwagiwa, na somo likaendelea bila kilio. Mwalimu yule angekuwa ndiye kituo kizima ningetoa nyota tano na chai juu.

Ningehama, ningehamia wapi? Bwawa jingine lililo karibu linataka basi, na basi lenyewe Jumapili halipo. Kwa mazoezi nakimbia mbio za pamoja ziitwazo parkrun, Jumamosi mji wa jirani, saa tatu kamili asubuhi, kilomita 5, bure. Hii ilianza London, bustani ya Bushy Park, mwaka 2004, sasa imeenea kila kona, na inaendeshwa na watu wa kujitolea. Unatandikiwa turubai nyasini, unatupa koti lako hapo, unakimbia, unarudi unalikuta. Hakuna paundi, hakuna ufunguo. Mvua ikinyesha koti linalowa, lakini unalo. Hata hivyo kukimbia hakutibu kiuno changu, kunakichongea.

Kwa hiyo kituo hiki nilikuwa nimeamua kukipa nyota tatu kati ya tano. Niliandika kabisa tatu. Halafu ikaingia barua pepe yao.

"Tunasikitika kwa usumbufu." Sawa. "Tumezingatia maoni yako." Sawa. "Kama ishara ya kukujali, tunakupa tiketi moja ya kuogelea bure, siku za kazi, kabla ya saa sita mchana." Mimi ni mtu wa zamu ya usiku, kabla ya saa sita mchana nimelala. Na tayari ni mwanachama, kuogelea nimeshalipia kwa makato ya kila mwezi benki, tiketi ya bure inanipa nini? Chini kabisa, kwa maandishi madogo: tiketi itakabidhiwa mapokezi kwa atakayeonyesha kitambulisho chenye picha.

Nyota moja. Mwalimu wa watoto anisamehe, yeye nitamwandikia barua yake mwenyewe kwa mwajiri wake, na yule kijana wa bisibisi nitamtaja humo humo. Ukienda, kaa mbali na makabati ya ukuta wa kushoto. Yale ya mkabala na mabafu ni mapya kidogo, ufunguo wake unashika. Pochi na simu mwachie mtu aliye nje kama unaye. Paundi yangu hawajarudisha.