Sai-fai za zamani: ukiwa Malindi nunua kipi kwanza

Naulizwa sana, mbona unanunua vitabu vya zamani vya sai-fai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi, na vipya vimejaa? Mi naona hivi, mashine zilizomo ndani zishapitwa na wakati kitambo lakini yale maswali bado yanatuwasha, ndo maana mtu anatoa pesa mpaka leo. Na msiniambie haya mambo ni ya watu wa mbali, satelaiti ya Uhuru ilirushwa hapa hapa kwetu Ungwana, kwenye jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yenyewe.

Namba moja bila ubishi ni H. G. Wells, The War of the Worlds, 1898. Viumbe wa Mars wanashuka Uingereza na silaha ambazo Waingereza hawajawahi kuziona, wanawapiga vile wao walivyozoea kupiga wengine, na Wells hafichi kitu, mlango wa kwanza tu anamkumbusha msomaji wake vile Wazungu walivyowaangamiza watu wa Tasmania, kisiwa huko Australia. Kisomee pale karibu na nguzo ya Vasco da Gama uone kinavyochoma. Pesa weka mfukoni, hakimiliki ilishaisha, kwenye tovuti ya Project Gutenberg unakipakua bure na bando hakili. Cha karatasi chukua tu ukikipata cha mtumba, bei ya chini.

Pili Dune, Frank Herbert, 1965. Hiki mtu wa Pwani anakifaidi kuliko wengi, anakutana na maneno ya Kiarabu kama Mahdi, jihad, Lisan al-Gaib, wala hafungui ile orodha ya maneno mwisho wa kitabu. Watu wa jangwani wanahesabu kila tone, nguo wanazovaa zinachuja jasho lao walinywe tena, huku wakubwa wa nje wanagombania viungo vinavyopatikana kwao peke yao (hiyo ya kugombania viungo tunaijua bana). Hapa toa pesa ununue kizima, kwa sababu ni kinene na pepabaki ya zamani gundi ya mgongo ishakauka, ukilazimisha kukifungua kurasa zinamwagika, na hii hewa yetu ya chumvi haisaidii. Kabla hujalipa kifungue katikati taratibu, sikiliza kama mgongo unalia, halafu kinuse. Kikinuka uvundo kiache hapo hapo, ukungu utakuhamia kabati zima. Kurasa kuwa njano si shida, ni asidi ya karatasi rahisi tu. Na soma jina vizuri, Dune Messiah ya 1969 ni cha pili, usije ukaanzia katikati ya hadithi.

Tatu I, Robot ya Asimov, 1950, hadithi fupi 9. Cha mtumba kinatosha kabisa, unamaliza moja ndani ya matatu ya Mombasa kabla hamjafika Kilifi. Roboti wanatii sheria zao tatu kama walivyoamriwa na balaa linaanzia hapo hapo kwenye kutii.

Nne Arthur C. Clarke, Rendezvous with Rama, 1973. Chombo kikubwa cha angani kinapita karibu na jua, watu wanaingia, wanazunguka, wanatoka, majibu hamna. Wengine wanaboeka, mi nakipenda sana. Na ndo huyu 1945 aliandika kuhusu satelaiti zinazokaa sehemu moja juu ya ikweta, sasa angalia dishi la tivii hapo juu ya paa. Aliishi Sri Lanka, bahari hii hii yetu.

Mwisho Jules Verne, na hapa kuwa makini. Five Weeks in a Balloon, 1863, baluni inaondokea Zanzibar, utavutika, lakini vile anavyowaongelea Waafrika utakasirika, na mwenyewe huko hakuwahi kufika. Pakua bure, usilipie. Twenty Thousand Leagues Under the Sea ni kizuri zaidi ila kuna tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 19 iliyokata karibu robo ya kitabu, na ndani yake eti chuma cha pua ni chepesi kuliko maji! Ukiagiza Mombasa ama Nairobi, mwambie muuzaji akupigie picha ule ukurasa wenye jina la mtafsiri na mwaka kabla hujatuma M-Pesa. Kama Kitaliano kinapanda, chungulia na vitabu wanavyoacha watalii Waitaliano hapa Malindi, bei hapo ni maelewano.