Seti ya kupambia keki ya vipande 100: lipia meza, si wingi wa nozo

Sanduku hili limejaa katika maduka ya vyombo mjini Kisumu: picha ya keki yenye maua juu, na maandishi kwamba ndani mna vipande 100 na ushei. Anayeanza kuoka nyumbani hulinunua akijua amemaliza mahitaji. Kwa kweli mwaka wa kwanza vitafanya kazi vipande 6: meza ya kuzungusha keki, kisu bapa kisicho na makali, kibao cha plastiki cha kulainishia ubavu, na nozo 3, zile ncha za bati zinazotoa aisingi kwa umbo. Uliza bei ya vitu hivyo kimoja kimoja kwanza. Seti ikizidi jumla yake, iache.

Kinachoamua yote ni meza. Mwombe muuzaji afungue sanduku, uiweke kwenye kaunta, uinamishe macho yawe sawa nayo, kisha uizungushe. Ukingo ukipanda na kushuka, aisingi ya ubavuni itakuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili hata mkono wako ukitulia vipi. Bonyeza ukingo kwa vidole viwili: ikilala upande bila kuzuiwa, keki ya kilo 2 itailaza zaidi. Meza nyingi za plastiki hucheza kidogo, na hilo linavumilika kwa keki ndogo ya sentimita 20. Ikikwama inapozunguka, usiichukue. Nyumbani, tandika kitambaa chenye unyevu chini yake ili isiteleze.

Nozo zinazovutia macho ni 48 na zaidi, nyingi zikifanana. Tafuta nyota kubwa iliyo wazi, ya duara ya kuandikia jina, na ya jani. Tazama mahali bati lilipounganishwa: mshono ukiacha mwanya, aisingi hutoka imepinda. Kile kiungio cha plastiki kinachounganisha nozo na mfuko hushika nozo ndogo tu. Ile nyota kubwa huingizwa moja kwa moja ndani ya mfuko kabla ya kujaza, na wengi hupoteza saa nzima wakijaribu kuilazimisha. Baada ya kuosha, zikaushe ndani ya oveni iliyozimwa ikiwa bado vuguvugu, maana bati jepesi hushika kutu usiku mmoja tu. Mfuko wa silikoni ulio ndani ya seti hushika mafuta na harufu. Mifuko ya kutupa ni bora.

Tini za kuokea zenye kufuli pembeni huvuja. Zifunge kwa foili kwa nje au uzitumie kwa mchanganyiko mzito wa keki tu. Zile nyeusi na nyembamba huunguza kingo, basi punguza moto wa oveni kwa digrii 10 hadi 15.

Vijiko vya kupimia, hapo kuwa makini sana. Vya bei rahisi huwa na tofauti, na kosa dogo la beking pauda huangusha keki nzima. Nunua bomba la sindano la mililita 5 kwenye duka la dawa, vuta maji, mimina ndani ya kijiko cha chai. Kijiko sahihi hujaa barabara kwa mililita 5, na kijiko kikubwa kwa 15. Kikikosea, kitupe.

Kijitabu cha mapishi kinachokuja na sanduku usikifuate neno kwa neno. Mapishi mengi ya vitabuni hupimwa karibu na usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko kama mita 1,130 juu, na Nakuru kama 1,850. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ya beking pauda hutanuka zaidi; keki huumuka upesi kabla kuta zake hazijakomaa, kisha hubonyea katikati. Kisumu marekebisho ni madogo. Nakuru, punguza beking pauda kwa robo hivi, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, na upandishe moto kidogo. Ndiyo sababu unga wa kawaida wa ngano unamfaa anayeanza kuliko ule uliotiwa beking pauda kiwandani: wa kiwandani huwezi kuupunguzia kitu, na watu wengi huuongezea tena bila kujua.

Kisumu taabu yake ni joto. Siagi huyeyuka kwenye digrii 32 hadi 35, na mchana wa mji huu mara nyingi hukaribia 30. Waridi la aisingi hulegea likiwa bado mkononi. Kwa keki ya sentimita 20 yenye tabaka 2, tumia gramu 125 za majarini ngumu ya kuokea na gramu 125 za mafuta meupe ya mboga yanayoganda, pamoja na gramu 500 za sukari ya aisingi. Majarini laini ya kupaka mkate ina maji mengi na itakuangusha. Chekecha sukari mara 2, kwa sababu bonge moja huziba nozo ya kuandikia. Piga mafuta dakika 5 hadi yawe meupe, tia sukari kwa mafungu 3, halafu maziwa kijiko kimoja, ukipima kabla ya kuongeza. Rangi iwe ya jeli, tone kwa ncha ya kijiti. Rangi ya maji hulegeza mchanganyiko.

Keki ipoe kabisa, angalau saa 2, ndipo uipake tabaka jembamba la kushika makombo, likae kwenye friji nusu saa, kisha upake la mwisho. Mfuko ujaze hadi nusu tu, kwani vidole huyeyusha kilichomo. Aisingi ikilegea usikimbilie sukari: weka bakuli juu ya maji baridi dakika 10, upige tena. Pambia alfajiri au baada ya jua kutua, na keki isafirishwe ikiwa baridi, sakafuni mwa gari, mbali na dirisha lenye jua.