"Hela ya kukuombea": dalali aliyenitafutia nyumba Kimara

Nimelipa hela nyingi za ajabu katika mji huu wa Dar. Nimelipa ya kuonyeshwa nyumba, ya ulinzi, ya taka ambazo gari lake halionekani. Lakini "hela ya kukuombea" sikuwahi kuisikia mpaka dalali aliponigongea mlango Jumamosi moja, mikono yangu imejaa povu la sabuni, akataka nimpe laki moja na nusu eti kwa sababu ameniombea kwa mama mwenye nyumba kodi isipande sana.

Jina lake silitaji. Nianzie mbali kidogo, nisije nikaonekana nina chuki tu.

Nilimpata kwenye stetasi ya WhatsApp ya mfanyakazi mwenzangu, mwaka juzi, mvua za vuli ndiyo zinaanza. "Chumba, sebule, jiko, choo ndani, Luku yako, dakika tano mwendokasi, kodi haipandi ovyo." Mimi kazi yangu iko Posta, katikati ya mji, na wakati huo nilikuwa natokea Goba kwa kuunga magari. Niliposoma "dakika tano mwendokasi", yaani hadi kituo cha mabasi yaendayo haraka, sikuuliza la pili.

Hela ya usumbufu 20,000, hairudi. Akanizungusha kutwa nzima, nyumba tano. Hapa nimpe haki yake: anazijua. Anajua ya nani inaingiza maji, kisima cha nani kina chumvi, mwenye nyumba yupi akilewa anawagongea wapangaji usiku. Ya nne ndiyo hii ninayokaa. Laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na ya kwake ya mwezi mmoja. Zilinitoka 1,770,000 kabla sijanunua hata ndoo. Sikulalamika, Dar ndivyo ilivyo.

Ila hizo dakika tano ni za bodaboda. Tangu mwendokasi ianze 2016, kila nyumba iliyo upande wa Morogoro Road inajiita ya kituoni, hata kama iko bondeni huko unakoona taa za barabara kwa mbali. Kituo changu ni Korogwe, nacho kiko juu. Kwa miguu ni dakika ishirini na tano za kupanda, na mvua ikinyesha unapanda viatu mkononi. Bodaboda ni buku kwenda, buku kurudi. Piga siku ishirini na sita za kazi: 52,000, na hapo sijagusa nauli ya mwendokasi yenyewe. Kwa hiyo nyumba ya laki mbili na nusu ilikuwa ya laki tatu tangu siku ya kwanza. Nilipomwambia, alicheka. "Dada'angu, mimi nilisema dakika tano. Nilisema kwa miguu?"

Nikameza. Nyumba yenyewe nzuri, siwezi kusema uongo. Upepo upo, majirani wastaarabu, na mwaka wa kwanza kodi haikuguswa.

Siku ya kusaini nilimuuliza, "Hii kodi inapanda?" Akasema, "Kidogo tu, mama huyu ni mtu wa ibada." Na mkataba uliandikwa hivyo hivyo kimzaha: kodi inaweza kubadilika kwa makubaliano. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifumbua macho baadaye. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwa hiyo cha kukulinda ni kile mlichoandikiana tu. Ningeandikisha mstari mmoja, kwamba isizidi asilimia kumi kwa mwaka, dalali angekosa cha kuniombea. Mimi nikasaini "kidogo".

Basi Jumamosi hiyo akaingia, akakaa sebuleni bila kukaribishwa mara mbili, akaomba maji.

"Dada'angu, bibi anataka laki tatu na nusu."

Nilihisi miguu imeniisha nguvu.

"Usiogope, nimekupigania. Nimemshusha mpaka laki tatu. Nimemwambia huyu binti mtulivu, haleti watu."

Hakuna aliyemtuma azungumzie watu ninaoleta au nisioleta. Nikaenda chumbani kutafuta simu, yeye kabaki sebuleni anachezea ya kwake. Alitaka kodi ya nusu mwezi, ndiyo ile laki moja na nusu, nikamtumia laki moja, makato juu yangu. Halafu nikamshukuru! Nilimsindikiza mpaka getini nikamwambia "asante sana kaka". Hilo linaniuma kuliko hela.

Wiki iliyofuata nikampelekea mama mwenye nyumba kodi yake, miezi sita kwa laki tatu. Nikamkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akahesabu. Akarudia kuhesabu. Akanitazama juu ya miwani. "Mbona nyingi? Yule kijana si nilimwambia laki mbili na themanini?"

Mimi kimya. Yeye naye akanyamaza, nikajua sasa narudishiwa 120,000 yangu. Mtu wa ibada akasema, "Basi hiyo ya juu tutavutia maji machafu, shimo limejaa," akazifunga zote kwenye pindo la kanga na kurudi kwenye mchele wake.

Nikampigia dalali palepale njiani. Sikuwa dada'angu tena. "Sista, bei za Shekilango unazijua? Ungekuwa na shukrani ungeniletea soda." Akakata.

Kwa hasira nikazunguka Jumapili mbili kutafuta pengine. Na hapa ndipo mnaponiona mnafiki. Nilikwenda Manzese, nikaenda Tip Top, nikafika na hiyo Shekilango yake. Zile za dakika tano za kweli, za kutembea, nilizoonyeshwa mimi zilianzia laki nne, na wawili walitaka ya mwaka mzima. Mwenzangu wa Sinza kapandishiwa laki nzima kwa ujumbe wa simu, hata salamu haukuwa nayo. Nikarudi bondeni kwangu na laki tatu yangu, nikanyamaza.

Kwa hiyo msimtumie. Au mtumieni kutafuta tu, maana huko yuko vizuri kuliko wengi, ila kodi ongeeni na mwenye nyumba uso kwa uso, na ukishapewa funguo futa namba yake. Nilishafikia kumpa nyota tatu kati ya tano, nimepoa kabisa.

Jana usiku napitia stetasi. Kaweka nyumba. "Chumba, sebule, jiko, Kimara, dakika tano mwendokasi, 350,000, inaachwa karibuni." Sebule ina mapazia ya zambarau yenye maua ya dhahabu. Nikampigia.

"Hiyo picha ya zamani, sista."

Mapazia hayo nimeyanunua Kariakoo mwenyewe baada ya Idi. Na pale mezani, pembeni mwa picha, kuna kikombe cha maji nilichomletea.